Mikono Miwili, Kichwa Kimoja

“Umezifanya nini tena?”

Msusi alikuwa amesimama nyuma ya kiti, kitana chenye mkia mrefu mkononi, macho yake kwenye kisogo cha mchumba wake. Fundi Vioo alimtazama kupitia kioo cha ukutani, akatabasamu lile tabasamu lake la kuomba msamaha kabla hajajua kosa.

“Sijazifanya kitu. Nimelala, nimeamka, nimekuja.”

“Umelala na paka? Hebu angalia. Hizi za nyuma zote zimelegea. Mashina yamefunguka mpaka ngozi inaonekana.”

“Labda ni vumbi la vioo.”

“Vumbi halifungui nywele.”

“Basi labda mkono wa msusi umechoka,” alisema, akacheka peke yake.

Kwenye kiti cha pili Kinyozi, mzee aliyekuwa amekodi upande mmoja wa saluni ile na aliyekuwa na neno kwa kila jambo, aliinua mashine yake kutoka kwenye kichwa cha mteja.

“Kijana, usimtanie mtu aliyekushika kichwa.”

Msusi hakucheka. Hii ilikuwa mara ya tatu. Alikuwa amezianzisha dredi zile kwa mkono wake, siku ileile familia zao mbili zilipokubaliana tarehe ya harusi. Fundi alikaa kwenye kiti kile tangu asubuhi mpaka jua likageuka, na alipoinuka alimshika mkono akamwambia mbele ya watu, “Kichwa hiki nimekukabidhi. Hakuna mwingine atakayekigusa.”

Naye alimpa masharti yake. Mwezi wa kwanza hakuna kuosha. Ngozi ikiwasha, pitisha kitambaa chenye unyevu katikati ya mistari, basi. Kila usiku funga kitambaa laini. Ukifika wakati wa kuosha utakuja hapa. Nitakuvalisha soksi ya kichwa ili zisitawanyike, nitamimina shampuu iliyochanganywa na maji, nitabonyeza kwa viganja, sitasugua. Halafu nitazisokota upya mashinani na kuzikausha mpaka ndani, maana dredi ikibaki na maji inanuka kama godoro lililonyeshewa. Kwa zile siku za mwisho wa wiki alizokwenda mji wa pili kuweka vioo kwenye jengo refu, alimtengenezea hata chupa ndogo ya kupulizia, maji ya shubiri, yenye kibandiko cha namba ya saluni.

Mtu mwenye matunzo yote hayo, nywele zinamfunguka kwa nini?

Siku zile Msusi alikuwa ameanza kujiogopa. Mteja akikaa, alikuwa anautazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa kuazima. Lakini asubuhi hii alivuta taa karibu, akashika dredi moja ya kisogoni, akaigeuza polepole kati ya vidole. Kisha ya pili. Kisha ya tatu.

“Nani ameshika kichwa chako?”

“Wewe.”

“Mwingine nani?”

“Hakuna.”

“Sikiliza. Mimi nasokota kuelekea kulia. Tangu nianze kazi hii sijawahi kusokota vingine. Hizi za nyuma zimesokotwa kuelekea kushoto. Nywele ni kama kamba, ukiisokota kinyume unaifungua. Kuna mtu anafungua kazi yangu.”

Fundi alikohoa.

“Nilijisokota mwenyewe. Mbele ya kioo. Zilikuwa zimesimama kama miiba, nikaona aibu kwenda kazini.”

“Aha. Mwenyewe.”

“Ndiyo.”

Alimchomolea fungu la nywele bandia kwenye meza, akampa mkononi.

“Sokota.”

“Nini?”

“Sokota nione.”

Fundi alisokota. Vidole vyake vinene vya kukata vioo vilihangaika, lakini vilikwenda upande mmoja tu, kulia, kama vya mtu yeyote anayetumia mkono wa kulia. Kinyozi alichungulia juu ya bega la mteja wake, akaguna, “Mh,” akarudi kazini.

“Ni dada yangu,” Fundi alisema haraka. “Basi. Nikienda kule nafikia kwake. Aliniona nimechafuka akaniosha, akazirudishia. Yeye ni wa mkono wa kushoto. Nilijua utakasirika.”

Moyo wa Msusi ulishuka mahali pake, ingawa haukukaa vizuri.

“Ungesema tangu mwanzo. Wifi yangu nitamkasirikia kwa nini? Nipe namba yake nimweleze.”

“Simu yake imeharibika.”

“Basi mwambie wewe. Akilazimika kuzigusa, asokote kulia. Na asizioshe tena.”

“Nitamwambia.”

Na kweli alimwambia! Hapo ndipo alipojiharibia. Mtu yule alikuwa muongo, lakini alikuwa fundi pia, na fundi hapendi kuvaa kazi mbovu kichwani. Jumapili alituma ujumbe:

*“Nimefikisha salamu zako za kusokota. Amenuna.”*

*“Kwa nini?”*

*“Anasema yeye amesokota nywele za watu kabla hujazaliwa.”*

*“Hahaha. Mwambie wifi namheshimu. Lakini kulia.”*

*“Nitajaribu. Ni mkali.”*

Jumatatu mchana simu ya saluni ililia. Msusi aliipokea akiwa na vibanio viwili mdomoni. Shangazi yake, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na ndiye aliyemlea, alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja akipanga majina ya waalikwa kwa vidole.

“Haloo, ni saluni?”

“Ndiyo, karibu.”

“Naomba kuongea na huyo mzee anayesokota dredi.”

“Hapa kuna mzee, lakini ananyoa tu. Dredi nasokota mimi.”

“Wewe?”

“Mimi, dada. Nikusaidie nini?”

Mtoto mmoja alilia upande wa pili, na kabla hajamaliza mwenzake akampokea.

“Namba nimeitoa kwenye chupa ya mume wangu,” sauti ilisema. “Aliniambia ni mzee mmoja wa kazini kwao aliyemsokota. Sasa jana ananiletea maneno, eti mkono wangu wa kushoto unaharibu nywele. Nikasema huyo mzee nitampigia mwenyewe, aniambie ana ubavu gani wa kuusema mkono wangu.”

Msusi alitoa vibanio mdomoni.

“Mume wako ni nani, dada?”

“Fundi vioo. Mrefu, ana kovu kwenye kidole gumba. Si mteja wako?”

“Samahani. Wewe si dada yake?”

“Dada! Mtaa mzima unaniita Mama Pacha. Dada gani wa kuzaa pacha na kaka yake?”

Shangazi aliacha kuhesabu. Hakusikia maneno, aliona uso.

“Haloo?” alisema yule mwanamke. Sauti yake sasa ilikuwa imeshuka. “Mbona umenyamaza? Dada, nikuulize. Unamsokota tu, au kuna jingine?”

Ingekuwa rahisi kusema namsokota tu. Maneno mawili, na harusi ingebaki palepale ilipo. Msusi alitazama vidole vya Shangazi vilivyobaki hewani na majina ya watu juu yake.

“Tuna tarehe ya harusi,” alisema. “Mwezi ujao.”

Watoto waliendelea kulia. Mama yao hakuwanyamazisha.

“Ndiyo maana,” alisema mwishowe. “Ndiyo maana kila akirudi hapa mashina yamelegea. Nazikaza, anaondoka, anarudi zimelegea tena.”

“Na kwangu hivyohivyo. Nilidhani mkono wangu umeharibika.”

“Mimi nilidhani nywele zake ndizo mbaya.”

“Nywele zake ni nzuri.”

“Nazijua,” alisema Mama Pacha, na hapo ndipo sauti ilipomkatika.

“Dada, sikujua,” alisema Msusi. “Naapa sikujua.”

“Najua hukujua. Ungejua, usingemtuma aje kunifundisha kusokota.” Alivuta pumzi kwa pua. “Anakuja kwako lini?”

“Ijumaa asubuhi. Kabla hajapanda basi la kuja kwako. Ni siku ya kumwosha.”

“Basi mwoshe,” alisema Mama Pacha, akakata simu.

Shangazi alikuwa ameshasimama.

“Nani kafa?”

“Hajafa mtu. Fundi ana mke, Shangazi. Na watoto pacha.”

Shangazi aliketi tena, polepole, kama anayepima kama benchi lipo.

“Amekuambia nani?”

“Mke mwenyewe.”

“Wanawake wa kwenye simu wanasema mengi.”

“Shangazi, anajua mpaka kovu la kidole.”

“Kovu kila mtu analiona.” Lakini hakuiamini kauli yake, akabadili njia. “Sikiliza, mwanangu. Watu wameshaambiwa. Baba zako wadogo wameshaomba ruhusa kazini. Wewe si msichana tena wa kuchaguachagua. Kaa kimya, funga ndoa, mengine utayatengeneza ukiwa ndani.”

“Nitayatengenezaje?”

“Amekuficha kwa sababu anakupenda, anaogopa kukukosa.”

“Na mkewe anamficha kwa sababu gani?”

Shangazi alifungua mdomo. Kinyozi, ambaye alikuwa amejifanya anasafisha mashine yake kwa brashi muda wote huo, alisema bila kuinua kichwa, “Jibu hilo, mama, maana hata mimi nalisubiri.”

“Wewe nyoa!”

“Kiti hakina mtu.”

“Basi jinyoe mwenyewe!”

Kinyozi alipapasa upara wake, akarudi kwenye brashi.

Siku zilizofuata Fundi alituma ujumbe kama kawaida. *“Umeamkaje, mke wangu mtarajiwa?”* Msusi alijibu, *“Salama.”* Aliuliza kama amekula, akajibu, *“Ndiyo.”* Alipopiga, Msusi alisema ana mteja. Mara nyingine alikuwa naye kweli. Mara nyingine alikuwa ameketi kwenye kiti chake mwenyewe, taa imezimwa, akiugeuzageuza mkono wake wa kulia.

Ijumaa Fundi aliingia akipiga mluzi, begi la safari begani.

“Nina haraka kidogo leo. Basi linaondoka mchana.”

“Kaa. Utaliwahi.”

Alikilaza kiti, shingo ya Fundi ikatulia kwenye ukingo wa beseni. Alifungua maji, akayapima kwa kifundo cha mkono, akamlowesha. Fundi alifumba macho. Alikuwa anapenda sana saa hii, na Msusi alilijua hilo, na yeye pia alikuwa anaipenda.

“Leo hujanivalisha soksi,” alisema Fundi.

“Leo haihitajiki.”

“Zimeshakomaa?”

“Tulia, maji yatakuingia masikioni.”

Alibonyeza povu kwa viganja, akasuuza, akabonyeza tena. Kisha alichukua chupa nyingine kwenye rafu, kubwa, nyeupe, akamimina kitu kizito. Harufu yake ilienea.

“Hii si ile kondishena uliyonikataza? Ulisema inateleza, inafungua dredi changa.”

“Ndiyo yenyewe.”

“Sasa mbona…”

“Mama Pacha anakusalimia.”

Fundi aliruka. Maji yalimwagika kwenye shati, kwenye begi, kwenye viatu vya Kinyozi aliyekuwa anapita na ufagio. Kwa mkono mmoja, bila nguvu, Msusi alimrudisha kichwa kwenye beseni.

“Laza. Povu litakuingia machoni.”

“Nani amekuambia jina hilo?”

“Mwenye jina. Alipiga hapa Jumatatu. Alikuwa anamtafuta mzee wa kazini kwenu.”

Kinyozi aliutazama ufagio wake.

“Nilitaka kukuambia,” alisema Fundi, amefumba macho, maji yakimtiririka shavuni.

“Lini? Nikiwa nimevaa gauni, au nikiwa nimeshalivua?”

“Nilikuwa natafuta wakati.”

“Siku ile ya kwanza ulikaa kwenye kiti hiki tangu asubuhi mpaka alasiri. Wakati gani mwingine ulikuwa unautaka?”

“Yule tulioana tukiwa wadogo sana. Wewe ndiye niliyekuchagua kwa akili zangu.”

“Na yeye umemwambia hivyo?”

Msusi alichukua dredi ya kwanza ya utosini, akaanza kuipapasa kuanzia nchani, kidole kwa kidole, mpaka ikaachia na kuwa nywele tupu.

“Unafanya nini?”

“Kazi yangu.”

“Sikiliza. Nawapenda wote wawili. Sisemi uongo. Ningewatunza wote wawili, kila mtu na nyumba yake, wala msingepungukiwa. Wapo wanaume wanaofanya hivyo.”

“Wapo. Nao husema.” Alichukua nyingine. “Wewe una kichwa kimoja tu, chako mwenyewe, umeshindwa kusema nani akishike. Nyumba mbili utaziwezaje?”

“Hapo,” alisema Kinyozi, “mimi sina la kuongeza.”

“Mzee, tafadhali,” alisema Fundi.

“Nafagia tu.”

Maji yaliendelea kutiririka. Nje gari la kuuza vyombo lilipita likitangaza bei kwa kipaza sauti, likaishia kwenye kona.

“Nikuulize kitu kimoja,” alisema Msusi. “Yule mama alipoweka beseni ili akuoshe, na ulijua kwamba mwezi wa kwanza haziguswi na maji, kwa nini hukumwambia aache?”

“Angeuliza ni nani kasema.”

“Kwa hiyo ukamwacha afungue kazi yangu.”

“Ni nywele tu!”

Vidole vya Msusi vilisimama.

“Ulipokuja kwangu zimefunguka, uliniambia mkono wangu umechoka. Ulicheka. Ulijua ni nini, ukaniacha niutazame mkono huu siku baada ya siku kama umeoza. Wateja walikuwa wanakaa hapa naogopa kuwagusa. Na yule naye, huko kwake, ulimwacha adhani nywele zako ndizo mbaya. Mke, ningeweza kuelewa. Labda. Ningelia, ningetukana, ningeelewa. Lakini ulikuwa unatuona wote wawili tunahangaika na kichwa kimoja, na wewe uko ndani yake, unajua kila kitu, umekaa kimya.”

Fundi alifungua macho. Yalikuwa mekundu, na huenda haikuwa sabuni.

“Nisamehe.”

“Nitakusamehe siku moja.”

“Sokota basi. Tutaongea. Usizifumue, tafadhali. Zisokote tu, nitakwenda kule nimalize mambo, nitarudi, kila kitu kitakuwa wazi.”

“Hizi bado ni changa. Kwa sasa zinafunguka kwa maji na kidole. Zikikaa miezi, zitatoka kwa mkasi tu, na za kwenye ngozi zitauma. Bora sasa.”

Fundi angeweza kuinuka. Mlango ulikuwa wazi, begi lilikuwa miguuni pake, na hakuna aliyemshika. Lakini alibaki pale, shingo kwenye ukingo wa beseni, akiziacha ziende moja baada ya nyingine. Msusi hakuvuta hata mara moja. Alizifumua kwa upole uleule aliozisokotea, na hilo ndilo lililomfanya Fundi aanze kulia kwa sauti.

Alipomaliza za juu na za pembeni, alimsuuza, akainua kiti, akamkausha kwa fulana kuukuu. Fundi alijitazama kwenye kioo. Nywele zilikuwa zimesimama kila upande. Alipeleka mkono kisogoni, akakuta safu ya dredi bado ipo, imekaza, imeelekea kushoto.

“Na hizi za nyuma? Umezisahau.”

“Sijazisahau. Hizo zina mwenyewe.”

Fundi alichukua begi lake lililolowa, akasimama mlangoni kidogo kama mtu anayetafuta kofia ambayo hakuja nayo, akatoka. Watu wawili kwenye duka la jirani walimgeukia, wakaguna, wakarudi kwenye mazungumzo yao.

Kinyozi aliegemeza ufagio wake ukutani.

“Nikuletee chai?”

“Hapana, mzee wangu.”

“Nikuletee hivyohivyo.”

Alitoka. Msusi alipiga simu.

“Shangazi, waambie watu hakuna harusi.”

“Umemfukuza?”

“Nimemwosha, amekwenda kwake.”

“Na mimi niwaambie nini baba zako wadogo?”

“Waambie ana mke. Si siri yangu, sina sababu ya kuifunika.”

Alidhani Shangazi atafoka. Badala yake alisikia kiti kikivutwa, na mwanamke yule mkubwa akiketi.

“Umekula?” aliuliza Shangazi.

“Bado.”

“Nakuja.”

Jua lilikuwa linaelekea kuzama ujumbe ulipoingia, kutoka namba ile ya Jumatatu.

*“Amefika. Yuko nje anagonga. Nimechungulia dirishani nikaona ulizofumua na ulizoacha. Kwa nini umeziacha?”*

Msusi aliandika, akafuta, akaandika tena.

*“Hazikuwa zangu kuzifumua.”*

Jibu lilikawia. Shangazi alikuwa ameshafika, ameketi kwenye kiti cha wateja, amefunga mdomo kwa mara ya kwanza tangu Msusi azaliwe. Kinyozi alikuwa anajifanya analala. Simu iliwaka.

*“Bado anagonga. Watoto wanauliza ni nani.”*

*“Utawaambia nini?”*

*“Nitawaambia ni baba yao. Hilo silifichi. Mlango ni jambo jingine, sijaamua.”*

Kisha, baada ya muda:

*“Dada, mkono wako hauna kasoro. Nilitaka ulijue hilo.”*

Msusi aliusoma mara moja tu. Aliweka simu kifudifudi mezani, akaenda kwenye beseni, akafungua bomba, akaanza kuokota nywele zilizoziba tundu la maji. Zilikuwa nyingi, laini, nyeusi. Alizikusanya zote kiganjani, na hapo ndipo alipolia, amesimama, bomba likiwa wazi, mpaka Shangazi akaja nyuma yake akalifunga.